Alama Iliyoelea Kwenye Maji ya Mzazi

Wanawake wa kijiji cha Daa, kuanzia kambi za vibarua wa kahawa hadi huku barabarani kwenye maduka, wengi wamepita mikononi mwa Stumai. Si kwa kuzalishwa, hiyo ni kazi ya zahanati. Kazi ya Stumai ni kuwakanda wazazi. Mwanamke akirudi nyumbani na kichanga, tumbo limelegea na kiuno kinamkata, Stumai huitwa. Huja na kipande chake cha kaniki, hukichovya kwenye maji ya moto, hukikamua, humkandamiza mzazi mpaka apige kelele. Kisha humwambia, "Lia mwanangu, lia. Siku gauni lako la zamani likikuenea utanikumbuka."

Alifika huku Karatu mgongoni mwa mama yake kutoka Singida, baba yake alipofuata kazi ya kupalilia kahawa. Wenye shamba walibadilika, wakaja wengine na wengine, yeye akabaki. Kukanda alifundishwa na mama yake huko huko kambini, na la kwanza alilofundishwa ni kwamba maji ya mzazi hayapimwi kwa macho wala kwa vidole. Vidole vya mpalizi vina sugu, vinadanganya. Maji hupimwa kwa kiwiko. Kiwiko kikivumilia, mzazi atavumilia. Kwa hiyo hata maji yakiwa bado mafigani, Stumai huinama akatumbukiza kiwiko cha mkono wa kulia, akafumba macho kidogo, akasema, "Bado," au, "Teremsha." Ameyafanya hayo tangu hajaolewa. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba ni kosa, na halikuwa kosa, maana moto wa kuni hauumi mtu kupitia kwenye maji.

Ester wa Nikolaus alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Stumai alikwenda kama kawaida. Chumba chao ni kimoja, sakafu ya udongo, lakini umeme upo, nguzo zilishafika mpaka kambini. Nikolaus, mume mwenye huruma, alikuwa amemnunulia mkewe hita ya kuchemshia maji, ile ya msokoto unaotumbukizwa kwenye ndoo, ili asihangaike na moshi.

"Bibi, leo hupulizi kuni," Ester alimwambia akiwa kitandani. "Tazama, ina alama ya ubora kabisa. Inosenti wa dukani amesema ni orijino, hata mkono unatia."

Stumai akaitazama ile stika iliyobandikwa shingoni mwa hita. Inang'aa, ina herufi. Yeye shule aliishia darasa la nne, lakini alama ile aliijua, ameiona kwenye mifuko ya saruji na kwenye unga. Moyo wake ukatulia. Nani asingetulia? Alama imewekwa ili sisi tusiojua ya ndani tutulie.

Maji yakaanza kutoa mvuke. Stumai akavua kandambili ili asiteleze, akakunja kanga, akainama, akatia kiwiko.

Ester anasema hakusikia ukelele. Aliona tu Bibi Stumai ametupwa ukutani kama mtu aliyepigwa teke na punda, na ndoo imepinduka, maji yamesambaa sakafuni. Bahati, ndoo ilipoanguka iling'oa waya wa hita kwenye soketi. Bahati kubwa zaidi, mzazi alikuwa bado yuko kitandani na mwanawe kifuani. Kama angekuwa ameshakalishwa kwenye kigoda, miguu yake kwenye yale maji, tungekuwa tunasema habari nyingine.

Stumai alipopata fahamu, aliona kitu kimemganda mkononi chini ya kiwiko. Ile stika. Mvuke uliibandua, ikaelea, ikamganda yeye. Rangi yake ilikuwa inachuruzika. Mkono wenyewe ulikuwa wake na si wake. Vidole vilikataa kukunjika. Akajaribu kukamata kaniki yake, ikadondoka. Akajaribu tena, ikadondoka. Hapo ndipo alipolia, kwa sababu mkandaji asiyeweza kukamua kitambaa ni nani?

Zahanati walisema angoje, huenda mishipa ikarudi, huenda isirudi. Hakungoja. Akaichukua ile hita, akaenda dukani kwa Inosenti. Huyu Inosenti ni mtoto wa Penina, Mmbulu wa hapa hapa, rafiki wa Stumai tangu wakiwa wasichana wanachuma kahawa mstari mmoja. Alipozaliwa Inosenti, aliyemkanda Penina ni Stumai. Aliyemwosha huyo Inosenti mwenyewe, na kumpaka mafuta, na kumfunga kitovu, ni Stumai. Ule mkono wa kulia.

"Shikamoo mama mkubwa," Inosenti alisema, mdomo umejaa chapati.

Stumai hakuitikia. Aliweka hita juu ya meza. "Chombo chako hiki kilitaka kuniua. Kilitaka kumuua mke wa Nikolaus."

Inosenti akakigeuza geuza. Akatabasamu. "Ah! Si stika tu imebanduka, mama? Hiyo ishu ndogo." Akavuta droo. Mle ndani, pembeni ya kipande cha chapati kingine na bakuli la mchuzi wa jana, kulikuwa na stika zimeviringishwa kama utepe wa fundi cherehani. Akakwanyua moja kwa kidole chenye mafuta, akaibandika shingoni mwa hita, akaipigapiga. "Haya, mpya kabisa."

Stumai alisimama pale akaiangalia ile alama. Akaziba pua kwa upindo wa kanga. Si kwa ajili ya mchuzi uliochacha, ingawa ulinuka. Ni kule kutokuona haya. Mwizi wa kuku hujificha nyuma ya banda. Huyu alifungua droo mbele ya macho yake kama mtu anayechukua chumvi.

"Kwa hiyo unabandika mwenyewe?"

"Mama, watu wanataka alama, mimi nawapa alama. Bila hiyo hawanunui. Na wewe nani alikutuma kutia mkono kwenye umeme?"

"Wewe. Ulimwambia Nikolaus hata mkono unatia."

"Lugha ya biashara hiyo, bimkubwa."

Stumai akaichukua hita na stika yake mpya, akaondoka. Kwenye ukuta wa nyuma alikuwa ameziona hita nyingine, boksi zima, karibu na soketi na balbu, zote zinang'aa shingoni. Akawaza wazazi wote wa Daa na Endamarariek ambao waume zao wana huruma kama Nikolaus. Usingizi ukamhama.

Haikupita muda mrefu, mke wa Inosenti, Lightness, akajifungua. Penina akatuma mtu: "Mwambie dada Stumai aje amkande mkwe wangu." Waliojua ya dukani walidhani hatakwenda. Alikwenda. Lightness hakumkosea kitu, na mzazi hanyimwi maji ya moto kwa dhambi ya mumewe. Lakini chini ya kanga yake alibeba ile hita.

Nyumba ya Inosenti iko nyuma ya duka, vigae mpaka uani, umeme kila kona. Wanawake walikuwa wamekaa uani na Penina, na pembeni sufuria kubwa ya maji ilikuwa inapata moto juu ya mafiga, kuni za mgrivelia zinatoa moshi.

"Saita, dada!" Penina alimsalimia kwa Kiiraqw, lugha ya Wambulu, wakacheka kama kawaida yao. Kisha akauona mkono unavyoning'inia. "Una nini?"

"Nitakuambia. Kwanza, mbona mnachemsha kwa kuni? Nyumba ya mwenye duka?" Akatoa hita, akamgeukia Inosenti aliyekuwa mlangoni. "Shika. Mchemshie mkeo. Ina alama, umeibandika mwenyewe."

Inosenti akarudi nyuma hatua. "Hapana mama mkubwa. Hiyo usiitie."

"Ni mbovu hii? Basi lete mpya dukani."

Inosenti akaegemea mlango.

"Lete mpya, baba. Boksi limejaa. Mkeo anasubiri."

"Nazo... usitie," alisema, sauti ndogo kama ya mtu anayeungama.

"Kwa nini mkeo achemshiwe maji kwa kuni, na mke wa Nikolaus achemshiwe kwa hiki kilichoniua mkono?"

Inosenti alitazama vigae. Wanawake wakashika midomo. Mmoja akasema, "Mimi ninayo nyumbani, juzi tu nimenunua," akaondoka mbio bila hata kuaga.

Penina aliinuka. Aliuangalia mkono wa rafiki yake, akamwangalia mwanawe, akasonya kwa nguvu. Kisha akaingia dukani kwa mlango wa nyuma, akatoka amekumbatia boksi zima, na ule utepe wa stika ameutupia juu. Akaelekea chooni, kile choo cha shimo cha zamani, kule mwisho wa uwanja.

"Mama! Hiyo ni mali!"

"Mali?" Penina alisema bila kugeuka. "Nilikuzaa ukiwa unanuka kuliko choo hiki, lakini ulioshwa, kwa mkono ule." Hita zikaanza kudondoka shimoni, moja moja, zinagonga kuta, chubwi. Stika zikafuata. Nzi wakaruka juu wingu zima.

Aliporudi alinawa mpaka viwikoni, akasimama kando ya sufuria. "Haya, dada. Utapima kwa kipi?"

Stumai akatia kiwiko cha kushoto. Kilikuwa kigeni kwenye kazi hiyo, akasita. "Teremsha," akasema hatimaye.

Walimkanda Lightness wawili, Stumai akielekeza na kushika kwa kushoto, Penina akikamua kaniki kwa mikono yake yote miwili. "Zaidi hapo. Chini. Usimwonee huruma." Mzazi alilia kama wanavyolia wote.

Walipomaliza, Inosenti alileta kanga na sabuni, shukrani ya mkandaji, akamnyooshea. "Shikamoo mama mkubwa."

Stumai alipita pembeni yake kana kwamba pale pamesimama mlingoti. Zile kanga zikabaki mikononi mwa Inosenti.

Penina akavua kanga yake mwenyewe aliyojifunga mabegani, imepauka, ina harufu ya moshi, akamfuata mpaka njiani, akamnyooshea. Stumai akajaribu kuinua mkono wa kulia, ukainuka nusu ukashuka. Kupokea kitu cha mkubwa mwenzako kwa mkono wa kushoto ni aibu, na wote wawili walilelewa hivyo.

"Pokea kwa huo huo," Penina alisema. "Wenye aibu wako kule ndani."