Sura ya Nne ya Bi Daftari

Makuruta walimwita Bi Daftari, na jina likamganda mpaka wakufunzi wao nao wakalichukua. Kwa miaka miwili, asubuhi baada ya asubuhi, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na minane alionekana kwenye benchi la mwisho la uwanja wa gwaride, magoti pamoja, miwani puani, akiandika. Alikuwa mhadhiri wa sosholojia chuo kikuu, na kitu alichokitafuta pale kambini kilikuwa shahada ya uzamivu. Ukimwuliza anachunguza nini hasa, alikujibu kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: alitaka kujua jeshi linamfundishaje kijana kuwa askari, na katika kumfundisha huko linamwambia nini kuhusu mwanamume na mwanamke.

Kambi haikuwa ngeni kwake. Alizaliwa katika nyumba za askari, zile za safu ambazo jirani akikaanga kitunguu, macho yanakuwasha wewe. Baba yake alikuwa sajini, mkufunzi wa kwata kwa miaka ishirini na mmoja, na mtoto alisikia "kushoto, kulia" kabla hajajua mkono upi ni upi. Lakini yeye na jeshi walikuwa mbingu na ardhi. Shuleni aliogopa kunyoosha mkono. Chuoni aliandika maswali yake kwenye kikaratasi, akamsogezea mwenzake amwulizie. Watu walimhurumia, wasijue kwamba aliyekaa kimya pembeni ndiye huondoka na habari zote.

Habari ya kwanza aliyoondoka nayo ilikuwa ya masuto. Kuruta akikosea hatua, aliambiwa anatembea kama bibi harusi. Akichelewa kufunga buti, aliambiwa amwite mama yake aje amfungie. Machozi yakimlenga, aliambiwa akasukwe nywele. Bi Daftari alifungua ukurasa mpya, akapiga mstari mmoja kwa kila mfano wa namna hiyo, na wiki kumi na moja zikampa mistari mia mbili na kumi na minne. Ingekuwa mingi zaidi, ila mkuu wa kwata, sajini mwenye kifua cha pipa aliyejulikana kwa jina la Radi, aliugundua mchezo. Siku moja alimsogelea kuruta pua kwa pua, akajaza mapafu.

"Wewe! Unatembea kama..."

Jicho likamponyoka hadi benchi la mwisho. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi.

"Unatembea kama... kama mtu asiyetaka kufika," akamalizia, na kikosi kizima kikauma midomo kisicheke. Tangu hapo, kila alipopita karibu na benchi, Radi alikuwa akiinama na kunong'ona, "Leo nimefika ngapi, mwalimu?"

Utafiti ule ulihusu kambi tatu za mafunzo. Katika kambi zote hizo, wakufunzi wanawake wengi walikuwa darasani: huduma ya kwanza, usafi, uandishi wa ripoti. Waliofundisha kwata uwanjani walikuwa saba tu, na mmoja wao alikuwa koplo wa kambi hii, mama wa mtoto mmoja, mtu wa maneno machache. Koplo huyu hakupaza sauti. Wenzake walinguruma hatua. Yeye alizihesabu kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani. Tena alihesabu kurudi nyuma: nne, tatu, mbili, moja. Alisema kuruta anayehesabiwa kupanda hajui ataambiwa lini asimame, basi akili yake yote iko kwenye kuogopa. Anayehesabiwa kushuka anajua, kwa hiyo akili inabaki miguuni. Ili wamsikie iliwabidi wanyamaze, na walipotua, buti themanini zililia mlio mmoja. Bi Daftari aliandika kurasa tisa juu ya hesabu ile. Zilikuwa kurasa alizozipenda kuliko zote.

Alasiri moja, ndani ya stoo ya bunduki za mbao, koplo alikuwa akipangusa vumbi bunduki moja baada ya nyingine na kuzungumza bila kuinua uso. Miaka mitano nyuma alipata mimba. Mkufunzi mjamzito huhamishiwa ofisini "kwa muda", akasema, na hajamwona bado mwanamke ambaye muda huo ulimwishia akarudi uwanjani. Basi kwenye fomu ya afya, penye swali la ujauzito, aliandika "hapana". Alijifunga tumbo kwa bandeji pana chini ya kombati, akafundisha kwata mpaka mwezi wa sita. Mtoto alizaliwa salama. Sasa yuko chekechea, anawatoa jasho walimu wake. Lakini kudanganya fomu ya afya ni kosa la kijeshi, na kosa la kijeshi halizeeki.

"Andika, mwalimu," alisema. "Wenzangu wengine wanapitia hayo hayo. Ila mimi nisiwemo."

Bi Daftari aliahidi, na ahadi yenyewe aliitimiza kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Aliondoa jina, cheo, umri, kambi, hata jinsia ya mtoto. Akamwita Mkufunzi wa Tatu, akamjengea sura ya nne ya tasnifu. Msimamizi wake, profesa mwenye mvi na haraka nyingi, alipoisoma sura hiyo alimwambia kuwa hiyo ndiyo tasnifu, nyingine zote ni wasindikizaji.

Zilibaki siku tisa kabla ya utetezi wa tasnifu. Jumatano nakala zingepelekwa kwa watahini, na moja, kama kibali cha utafiti kilivyotaka, kwenye ofisi ya elimu ya jeshi, ambako ofisa mmoja angeisoma na kuja kusikiliza. Jumapili baba yake aliomba aione. Sajini mstaafu alisoma kama alivyosoma amri za kikosi: meza imefutwa, rula chini ya mstari, mstari kwa mstari. Binti alikaa upande wa pili akijifanya anachambua mchele, maana sura ya pili ilikuwa ya masuto, na baadhi yake alikuwa ameyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa huyu huyu.

Baba aliinua kichwa. "Hili la bibi harusi, nimelianzisha mimi?"

"Ulilikuta, Baba."

"Nililikuta," alikubali, "nikalitia chumvi." Akarudi kwenye rula, na mchele ukapata nafuu.

Kwenye sura ya nne alikwenda taratibu zaidi. Kisha mguu wake ukaanza kugonga sakafu chini ya meza, polepole, na midomo ikahesabu bila sauti. Akaiweka rula kando.

"Huyu ni yule binti niliyemfundisha."

"Nimeondoa jina, Baba. Nimeondoa kila kitu."

"Jina umeondoa. Hatua zake umeziacha." Alimtazama kwa huruma. "Mama, sikiliza. Mimi mwenyewe nilimkimbiza mizunguko kumi kwa sababu ya hesabu hiyo, nikidhani ni ukaidi. Hakuna mwingine anayehesabu hivyo. Mpishi wa kambi anaijua. Ukiwapa wale wa ofisi ya elimu ukurasa huu, hawatamaliza aya kabla hawajamtambua."

Bi Daftari akauweka ungo kando. Aliona kosa lake lote kwa mara moja. Alikuwa ameficha kila alichofundishwa kuficha katika vitabu vya utafiti. Kilichobaki wazi ni kile alichokipenda, kwa sababu hakukihesabu kuwa ni siri, alikihesabu kuwa ni ugunduzi. Na mwezi huo huo Radi alikuwa anastaafu, na koplo alikuwa kwenye usaili wa kumrithi. Hakuna mwanamke aliyewahi kuwa mkuu wa kwata. Fomu moja ya miaka mitano ingetosha kumfunga mlango.

Profesa, alipopigiwa simu, hakuona tatizo. Toa hizo kurasa za hesabu, alisema, bakiza mimba; hesabu ni pambo, mimba ndiyo ushahidi. Akamkumbusha, kama walivyosema wahenga, kwamba mficha uchi hazai. Lilikuwa shauri la akili, na kazi ya saa moja. Bi Daftari alifungua kompyuta, akaziteua kurasa zile tisa kwa kidole kimoja mpaka zikageuka bluu, tayari kuzifuta. Hakuzifuta. Alikuwa ameshamwamulia koplo mara moja, na matokeo yake ndiyo hayo.

Jumatatu alimkuta kando ya uwanja, makuruta wakiwa mapumzikoni, akinywa maji kwenye kikombe cha bati. Alimweleza yote, kwa kigugumizi, bila kujitetea. Koplo alisoma sura ile amesimama, kurasa zote, na Bi Daftari alisimama naye kwa kuwa hakuthubutu kukaa.

"Kama nisingekufahamu, ningekukasirikia zaidi," koplo alisema mwishowe.

"Naitoa hesabu, afande. Nimekuja kukuuliza tu. Nikiitoa hutajulikana."

"Tuko saba. Mtu mwenye nia mbaya atahesabu nani alizaa mwaka gani, vidole vitamtosha." Alimrudishia karatasi, kisha akazivuta tena kwake kabla hazijapokewa. "Na hesabu hii ni yangu. Nimekimbizwa kwa ajili yake, nimechekwa. Ukiitoa, kitabu chako kitasema sisi tunachojua ni kuficha matumbo. Toa mimba, mwalimu. Hesabu iache, na kama unaweza, weka jina langu."

Ofisi ya profesa ilikuwa na viti viwili, na siku hiyo hakuna aliyekikalia hata kimoja. Profesa alimwambia anang'oa nguzo na kutegemea paa libaki hewani. Bila kisa kile cha mimba, dai lake kubwa, kwamba shule ya jeshi inawasukuma wanawake kuficha miili yao ili wabaki kazini, lingebaki na mashahidi wawili wa kusikia tu. Watahini wangemrudisha. Mkataba wake wa uhadhiri ulitaka shahada kabla ya mwaka kwisha. Akirudishwa, angeshushwa kuwa msaidizi wa masomo, kuita mahudhurio na kusahihisha mazoezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika jengo lile lile ambalo wenzake walishamzoea kama mwalimu mwenzao. Yote hayo Bi Daftari aliyajua. Alisema tu kwamba nakala mpya itakuwa tayari Jumatano.

Siku ya utetezi chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, na watahini watatu. Pembeni alikaa meja mmoja kutoka ofisi ya elimu ya jeshi, mwanamume mpole wa kuangalia, nakala yake imejaa vikaratasi vya njano. Saa nzima ya kwanza ilikwenda vizuri. Walicheka kwenye sura ya masuto. Halafu mtahini wa nje, mama mwenye kauli nyoofu, akafungua ukurasa wa mia moja thelathini na moja, akasoma dai kubwa kwa sauti, akauliza ushahidi wake uko wapi.

Profesa alitazama dari. Meja aliinua kalamu.

"Upo," alisema Bi Daftari. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Sikupewa ruhusa ya kuuleta hapa."

"Basi hapa haupo."

"Hapa haupo," alikubali.

Mtahini aliandika jambo kwenye nakala yake. Meja akaomba nafasi ya swali moja. Alitaka kujua kuhusu koplo anayehesabu kurudi nyuma. Alikuwa amesikia habari zake miaka mingi, akasema, akidhani ni kichekesho cha kambi. Hakujua kama kuna sababu nyuma yake. Bi Daftari akaeleza, na alipofika kwenye akili inayobaki miguuni, aligundua kwamba anazungumza na chumba kizima bila kuangalia karatasi.

Walimpa miezi sita ya marekebisho. Profesa alimpita kwenye ngazi, kisha akarudi hatua mbili, akamwambia asisahau kuchukua maoni ya maandishi kwa katibu, akaenda zake. Miezi sita hiyo ilivuka mwisho wa mwaka, ukomo wa mkataba wake. Kwenye ubao wa matangazo aliiona ratiba ya muhula ujao, ikiwa na jina lake juu ya kozi mbili, akawaza ni nani atakayelikwangua.

Alikaa kwenye ngazi za nje, akamwandikia koplo ujumbe kwamba imekwisha, hesabu imebaki, jina lipo. Jibu lilikuja baada ya saa nzima, maana uwanjani simu haziruhusiwi.

"Waliuliza lile?"

"Waliuliza."

"Ukasema?"

"Sikusema. Wamenirudisha miezi sita."

Wanafunzi walimpita wakikimbilia kipindi, wawili wakamwamkia. Kisha ujumbe ukaingia, mrefu kuliko maneno yote ambayo koplo aliwahi kumwandikia.

"Pole, mwalimu. Majina yametoka asubuhi, mimi ndiye mkuu wa kwata kuanzia mwezi ujao. Radi ameapa leo atahesabu kurudi nyuma, amekosea mara tatu. Njoo Jumamosi nyumbani kwangu, si kambini. Nimeongea na wale wenzangu sita wa kambi zote. Wanne watakuja. Wanataka tukubaliane nao kwanza nini kiandikwe na nini kisiandikwe, ndipo waseme."

Bi Daftari aliusoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akakumbuka kwamba hajatia kitu tumboni tangu jana mchana. Akainuka kwenda kutafuta chakula.