Mashine Iliyosikia Papa

Shuleni kwetu, mtaani Rhonda, mfadhili alituletea tableti zinazosikiliza. Mtoto anasoma kwa sauti, mashine inampa alama, na akianguka anateremshwa Gredi ya Kwanza kila kipindi cha kusoma.

Katika Gredi ya Tatu yangu, aliyesoma vizuri kuliko wote alikuwa msichana wa familia iliyohamia mjini kutoka upande wa Mau. Kwao b hutoka kama p, d kama t, na g kama k. Siku ya kupimwa alisoma ukurasa mzima bila kukwama: "Papa amenunua kari kupwa." Mashine ilisikia papa, samaki ambaye mtoto yule hajamwona hata kwenye picha. Ikaandika kwamba hajui kusoma.

Nilimpelekea mwalimu mkuu matokeo hayo bila wasiwasi. Tulisoma chuo kimoja, tukalala chumba kimoja. Huko walimcheka yeye kwa "papa" yake, wakanicheka mimi kwa "rakini" yangu, na tuliwanunia pamoja.

"Wacha hiyo kwangu," akasema. "Nitarekepisha mimi mwenyewe kapla sijatuma."

Basi nikamwambia msichana asijali, anajua kusoma, mashine ndiyo ilikosea.

Jumatatu orodha ilibandikwa ukutani. Jina lake lilikuwa la kwanza miongoni mwa wanaoteremshwa. Niliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Madam, si tulikubaliana?"

"Mashine haina ukapila, mwalimu. Nikipatilisha alama moja tu, watachukua tapleti zote."

"Na wewe ikikupima, utapita?"

Akaniuliza kama darasa langu lina mtu wa kuliangalia.

Nilikasirika, na sijapoa hadi leo. Mfadhili ningemsamehe, maana hajawahi kutusikia tukiongea. Lakini huyu alijua vizuri kabisa mtoto alisema nini, kwa sababu yeye mwenyewe husema vivyo hivyo. Alituuza mimi na mtoto, na mdomo wake ni ule ule.

Nilirudi darasani nikamwambia msichana achukue daftari. Akabeba na kiti chake, akidhani harudi tena. Mlangoni pa Gredi ya Kwanza, wadogo wakimkodolea macho, akaniangalia.

"Ticha, si uliniambia najua kusoma?"

Nikamwambia aingie haraka, asichelewe kipindi.