Kioo Kisichong'aa cha Mama Generose

Kwa miaka thelathini na mmoja, Jumapili ikifika pale kijijini Lubarika, watu walijua sauti itakayosoma kanisani ni ya nani. Mama Generose Ninahazwe hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa na sauti inayofika. Hata ukiwa nyuma kabisa, kwenye benchi la waliochelewa, ambalo mimi nalijua sana, neno lilikufikia likiwa zima.

Mimi ni mtu wa kutembea. Natembeza miwani ya kusomea, sindano, uzi na betri, natoka Uvira napanda Kiliba, Sange, mpaka huko juu, kisha nageuka. Shule niliachia mwaka wa nne, kwa hiyo msomaji anisamehe pale nitakapopinda. Ila haya niliyaona mwenyewe, na siku ile ya Uvira mfuko wa mama huyu niliubeba mimi.

Generose ni mkulima. Mpunga upande wa chini, muhogo upande wa juu, mjane, watoto watano wote wamejenga mbali. Alianza kusoma kanisani siku msomaji wa zamani alipolala na malaria na hakuna mwingine aliyethubutu kusimama. Tangu hapo hakukaa tena. Kila wiki alinakili somo la Jumapili kwenye karatasi, akaenda nalo shambani, akatembea juu ya tuta akisoma kwa sauti. Ndege wa mpunga walimwogopa. Majirani walimwambia akija kusoma na kwao watamkaangia kuku.

Halafu macho yakaanza kufifia. Miwani ya kwanza nilimuuzia mimi. Ya pili, yenye nguvu zaidi, mimi tena. Ya tatu nilimletea kutoka Bujumbura, nene kama kitako cha chupa, na hiyo ilimsaidia msimu mmoja tu. Daktari wa macho akamwambia miwani imefika mwisho wa kazi yake. Kilichobaki ni herufi kubwa na mwanga mwingi.

Jumapili moja ya mwezi wa sita aliruka mstari. Akarudi. Akaruka tena. Kanisa likanyamaza ule unyamavu wa kumhurumia mtu, na huo, nadhani, ndio uliomuuma kuliko kuchekwa.

Baada ya misa rais wa kamati ya kanisa, Papa Gédéon, alimvuta pembeni. Huyu Gédéon si mtu mbaya. Ni mtu wa utaratibu, kalamu mbili mfukoni, saa mkononi.

"Mama Generose," akamwambia, "hakuna muntu anakuchukia hapa. Lakini tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane ni sikukuu yetu. Mapadri watatu watakuja, watu watatoka mpaka Sange. Tutasali inje. Minye naona umpumzishe huyu msomaji wako."

"Msomaji gani?"

"Si weye mwenyewe."

"Basi hajachoka." Akakunja karatasi yake taratibu. "Papa Gédéon, uniachie somo la pili la siku ile. Nikikosea mstari hata moja, sitasimama tena pale mbele. Nitakaa na wamama wengine, niimbe tu."

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema, na huyu mzee wa miwani amesikia."

Nilikuwa nimesikia kweli. Nilitamani nisingesikia, maana nilijua ile miwani yangu ilivyo.

Wazo la tablette alilipata Sange. Alimwona muuguzi mmoja akipanua herufi kwa vidole viwili kwenye kioo, zikakua mpaka zikawa kubwa kama mbegu za maboga. Generose akarudi nyumbani, akauza mpunga aliokuwa ameuweka kando, akanipigia simu. "Mzee, weye unajua maduka ya Uvira. Unipeleke kwa muntu ambaye hatanidanganya."

Nikampeleka kwa Rénovat, mtu wa makamo anayeuza simu na mashine za mitumba katika duka refu jembamba, lenye giza kama ghala. Amejaza taa ndogo za rangi humo ndani, na vitu vyote vinametameta. Ni mwaminifu, ila anapenda kuongea.

Njiani kila mtu alikuwa ameshatoa shauri. Aliyeketi naye akitoka Sange alimwambia achukue yenye tochi kali, maana nyumba bila tochi si nyumba. Mwingine, yenye radio. Taximan aliyetubeba kutoka kituoni alisema, "Mama, chukua yenye kupiga muziki kwa nguvu, watoto wa jirani watakupenda." Kwetu huku watu hununua hivyo. Kitu kikiwa na mwanga na sauti, kimepita mtihani.

Rénovat akaweka tablette mezani. Kioo kikawaka, samawati na dhahabu, maua yakifunguka yenyewe.

"Angalia hii, mama! Iko na laini mbili, iko na tochi, iko na caméra. Ukipanua herufi, unaona hata mpaka Bujumbura."

Generose akapanua. Herufi zikakua. Nikaona uso wake ukifunguka kama yale maua, na mimi moyoni nikasema, basi, tumemaliza, twende tukanywe chai. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye fundo la kitenge alipofunga pesa.

Hapo akasita. Wanawake wa bonde la Ruzizi wana namna yao ya kununua mbegu. Hata mwenye ghala akiwaapia, hawanunui humo ndani. Wanachota konzi moja, wanatoka nayo inje, wanaitandaza kiganjani mbele ya jua. Mbegu iliyooza huonekana nzuri sana gizani.

"Niitoe inje," akasema.

Rénovat akacheka mpaka akashika meza. "Mama yangu, hii si mpunga!"

"Najua. Lakini sitasomea dukani kwako."

"Itoe basi, lakini mzee abaki hapa kama dhamana."

"Mzee ndiye anabeba mfuko wangu. Chukua mfuko ubaki nao."

Tukatoka wote watatu. Jua la saa sita la Uvira, wale wanaolijua wanalijua. Linapiga ziwani, linarudi, linakupiga mara ya pili. Generose akainua tablette mbele ya uso. Akaigeuza kushoto. Akaigeuza kulia. Akalipa kisogo jua, akaiangalia tena.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Naona fulari yangu ya kichwani," akasema. "Nimeifunga vibaya."

Watu wa pikipiki waliokuwa wanangoja wateja wakaangua kicheko, mmoja akapaza sauti, "Rénovat, umeuzia mama kioo cha kunyolea!" Rénovat akaongeza mwanga mpaka mwisho. Fulari ikabaki, maua hayakuonekana, na alama ya chaji ikashuka tukiwa tumesimama pale pale.

"Na hiyo moto yake inakaa siku ngapi?" Generose akauliza. "Kwetu tunachajia kwa jirani mwenye plaque ya jua, na tuko foleni."

"Siku moja. Ukiitumia kidogo, moja na nusu."

Generose akamrudishia. Akahesabu kwa vidole zile wiki zilizobaki mpaka sikukuu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama hakuna kingine.

"Kiko kimoja," Rénovat akasema, "lakini nitaona haya kukuonyesha. Wateja wanakiita maiti."

Akarudi ndani, akachimba kwenye katoni la waya, akatoa kitu cha kijivu, chembamba, bila rangi hata moja. Liseuse, akakiita kwa Kifaransa. Chombo cha kusomea tu. Hakina muziki, hakina tochi, hakipigi simu. Alikinunua pamoja na mzigo mwingine, na mwaka mzima hakuna aliyekiuliza. Ndani ya duka kilikuwa kibaya kweli. Kimelala kama karatasi iliyoloweshwa ikaanikwa.

"Mama, achana nayo," akasema yule wa pikipiki. "Hiyo imeshakufa kitambo."

Generose akakipeleka juani.

Nitaeleza nilivyoona, wenye elimu wataeleza sababu. Kadiri jua lilivyokipiga, ndivyo herufi zilivyozidi kuwa nyeusi. Hakikung'aa. Hakikurudisha fulari wala uso. Kilikuwa kama ukurasa wa kitabu kipya kilichofunguliwa mlangoni. Rénovat akamwonyesha pa kubonyeza ili herufi zikue, akabonyeza mara moja, mbili, tano, mpaka ukurasa ukabaki na mistari saba tu.

Humo kulikuwa na maandishi ya Kifaransa juu ya ufugaji wa nyuki. Generose Kifaransa chake ni cha shule ya msingi, lakini akasimama wima, miguu pamoja, kama anavyosimama kanisani, akasoma. Juu ya nyuki! Katikati ya barabara! Alisoma ukurasa mzima, akabonyeza, akasoma wa pili, hakuruka mstari. Wapita njia wakasimama. Alipomaliza, wale watu wa pikipiki walipiga honi zote kwa pamoja, na yule aliyesema maiti akavua kofia yake.

"Na chaji?" Generose akauliza, hata kabla honi hazijanyamaza.

"Wiki tatu, mama. Pengine mwezi."

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Si weye ulikuwa unaangalia maua!"

Akafungua fundo la kitenge.

Tukiwa tunarudi tuliteremka Sange kwenye parokia. Mademoiselle Délice, katibu wa pale, ana mashine yenye masomo ya mwaka mzima. Akaunganisha waya, masomo yakaingia ndani ya kile kitu cha kijivu muda ule ule anaouchukua mtu kumenya yai. Délice mwenyewe alishangaa, "Kumbe vitu hivi vinafika kwetu?" Generose alikuwa ameshafungua somo lake, anatembea nalo uani.

Wiki zote zilizofuata ndege wa mpunga hawakupata amani.

Lakini lilibaki jambo ambalo sisi wawili hatukuwa tumelifikiria. Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, walipokuwa wanapanga viti, Papa Gédéon aliona kile kitu mkononi mwa Generose.

"Hii nini?"

"Macho yangu mapya."

"Hapana, mama. Hapana. Neno linasomwa katika Kitabu. Sitaki kitu cha kuwakawaka pale mbele kama atelier ya soudure ya wachomea vyuma. Mapadri watasema nini?"

"Hakiwaki, papa."

"Vyote vinawaka."

"Njoo uone."

Gédéon akakiangalia kwa juu, akakiinamia kwa ubavu, akakifunika kwa mkono akitafuta mwanga unaotoka ndani. Hakuuona. Hata hivyo akatikisa kichwa, kitabu ni kitabu. Nilidhani yamekwisha. Generose akaenda taratibu mpaka pale kitabu kikubwa cha masomo kilipokuwa, akakifungua kwenye ukurasa wa sikukuu, akalaza kile chombo juu ya somo lenyewe. Kilikaa pale kama ukurasa mmoja zaidi. Rangi ile ile, ukimya ule ule.

"Kitabu kiko wazi," akasema. "Neno ni lile lile, mahali ni pale pale. Minye nimeongeza tu ukubwa."

Gédéon akapitisha kidole pembeni mwa kile chombo. Kalamu moja akaitoa mfukoni, akairudisha. "Kesho," akasema, "mstari mmoja tu, mama. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

Sikukuu ikafika na upepo wake. Mwezi wa nane bonde letu ni vumbi na upepo, na maturubai yalikuwa yanapiga makofi kabla ya watu. Altare ilikuwa kivulini, lakini mahali pa kusomea palibaki juani, kwa sababu turubai la tatu halikutosha. Watu walijaa mpaka kwenye mashamba yaliyovunwa. Mwalimu Amandine akasoma somo la kwanza, akipambana na kurasa, mkono mmoja kitabuni, mwingine machoni kuzuia jua. Alisoma vizuri, maskini, ila alitoka jasho.

Kisha Generose akapanda. Fulari safari hii ameifunga vizuri. Akafungua kitabu, akalaza macho yake mapya juu ya ukurasa, na uzito wake ukazikalia kurasa zikatulia. Nilikuwa benchi la nyuma. Gédéon alikuwa mbele, kidole juu ya somo katika nakala yake, anamfuata mstari kwa mstari kama karani wa mtihani.

Akaanza.

Mstari wa kwanza ulinifikia mzima. Wa pili, mzima. Ulikuja upepo wenye vumbi, watu wakafumba macho, yeye akangoja upite, kisha akaendelea pale pale alipoacha, bila kutafuta. Pale mtume aliyeandika somo anapopandisha sauti, alipandisha. Pale panapotaka pumzi, alivuta pumzi. Nilimwona Gédéon kidole chake kimesimama. Ameacha kufuata, anasikiliza tu, mdomo wazi kama mtoto. Alipomaliza, watu wa Lubarika waliitikia kwa sauti ambayo ilinyanyua njiwa juu ya paa la kanisa, na wamama wa kwaya, ambao hawakuruhusiwa kushangilia wakati wa masomo, walipiga vigelegele. Padri mmoja alicheka waziwazi kwa furaha.

Baada ya misa akina mama wazee walimzunguka. Kila mmoja alitaka kuona herufi. Mmoja ambaye hakuwa amesoma kwa miaka sita alisoma maneno manne, akalia, akamwambia ampe tena.

Papa Gédéon akaja na karatasi ya zamu, kalamu zote mbili mkononi. Hakusema samahani, si mtu wa hayo. Aliandika wasomaji wote mpaka Noeli pale pale amesimama, na jina la Generose Ninahazwe akaliweka mara tisa.

"Imetosha?" akamuuliza, akimsogezea karatasi.

Generose akaisogeza mbele, akairudisha nyuma, akakunja macho.

"Sijui, papa. Uandike kwa herufi kubwa."