Siku Tano za Julai

Mgeni alipofungua daftari la Julai, nilijikunyata ndani ya koti, na wala si kwa baridi ya Sumbawanga. Kwa miaka mingi nilikuwa msomaji wa vipimajoto katika kituo kidogo upande wa Izia. Kila siku saa tatu asubuhi nilifungua kisanduku cheupe, nikasoma, nikaandika. Kazi ndogo, lakini niliijivunia kupita kiasi.

Mgeni alikuwa binti mtafiti, mpole, aliyeniamkia shikamoo kwa kupiga goti. Alitaka kujua kama modeli ya kompyuta inaweza kuiga joto la huku kwetu Ufipa: si wastani wake tu, bali jinsi linavyopanda na kushuka kutoka siku moja hadi nyingine.

"Baba, modeli yetu inakwenda vizuri, ila hapa," alisema. "Inaonyesha baridi kali ya ghafla. Daftari lako linasema siku tano zimetulia tuli. Itabidi niirekebishe modeli, maana kipimo ndicho cha kweli."

Siku hizo tano nilikuwa Muze, chini bondeni, kwenye msiba wa baba mkwe, na mkwe haondoki kabla matanga hayajaanuliwa, labda atake kusemwa na ukoo mzima. Kule bondeni nilitokwa jasho, nisijue huku juu kuna baridi gani. Niliporudi nilikuta kipimajoto cha baridi kimebaki chini sana, maana alama yake ikishashuka haipandi mpaka ukiinamishe. Asubuhi moja ilikuwa na baridi kali, nami sikujua ni ipi. Nikaogopa kuulizwa nilikuwa wapi. Nikakiinamisha, ushahidi ukafutika, kisha nikajaza nyuzi za kubuni: kumi na moja, kumi na moja na nusu, kumi na moja. Nikajiona mjanja kweli.

Sasa ningenyamaza tu, nistaafu salama. Nikamwona anasogeza kompyuta ili aanze kuirekebisha modeli.

"Mwanangu, iache," nilisema. "Modeli imesema kweli. Mimi sikuwepo." Nikamweleza yote.

Hakunifokea, na heri angenifokea. Alitazama rafu yenye madaftari yangu, asubuhi zote za kweli nilizoziandika vidole vikiwa vimekufa ganzi.

"Na haya mengine, baba?"

Nikafungua mdomo niape kwamba hayo ni kweli tupu. Ndipo nikatambua kwamba sikuwa na cha kumwonyesha ila mwandiko uleule uliojaza zile siku tano.