Chumba cha Chini, Matrah

Fundi alitaka kuvunja chumba cha chini cha gofu letu la Matrah, Omani, kwani ukuta umetitia. Usiku kucha sikulala: tukivunje au tukitengeneze?

Nilikuwa mdogo, tumetoka Unguja karibuni, Bibi aliponipeleka humo alasiri moja. Palinuka popo na unyevu. Bibi akapiga hodi, akangoja.

"Bibi, si nyumba tupu hii?"

"Nyamaza, mwanangu. Nnamsikiliza mwenyewe."

Akafukiza udi, akanyunyiza marashi sakafuni. Nyuma ya ukuta kitu kikakwaruza polepole. Niliamini anatuliza jini. Sasa najua kuwa mama yake Bibi alioshwa humo alipofariki, wakati Bibi yuko Unguja, hakuwahi kumuaga.

Asubuhi nilimwambia fundi asivunje. Nikavua viatu mlangoni mwa chumba, nikaanza kumchanganyia chokaa.