Siku Mawe ya Beseni Yangu Ililia

Saa sita ya mchana, jua kali, mawe yangu ikaanza kucheza yenyewe.

Sikulewa. Mi nakunywa chai tu, na sukari munganga alinikataza.

Nilikuwa nimekaa kwa kitanda, nachambua maharagwe. Beseni ya mawe iko pale chini, karibu na mguu wa kitanda. Ikalia: kr-kr-kr. Ikanyamaza. Ikalia tena.

Treni haikupita. Upepo hakuna. Paka sifugi.

Nikajiambia: "Bilonda, ao Yesu amerudi, ao kuna mutu chini ya nyumba yako."

Ngojeni kwanza niwaelezee hii beseni.

Mama yangu alitufundisha hivi: Mungu akikutosha mu shida, akikutoa muzima, okota jiwe pale pale, ulete nyumbani. Bana Israeli walifanya hivyo pale Yordani. Sababu kichwa ya mutu iko na matundu kama chujio, inasahau. Jiwe haina.

Basi niko na moja ya kando ya reli, kule Lubudi, siku wagoni ilianguka tukatoka na batoto kwa dirisha. Niko na ya kiwanja ya hospitali, siku binti yangu Mado alifungua macho. Na niko na ingine nyeusi, nzito, ya kung'aa. Ile, marehemu muzee wangu Mpoyi, bwana yangu, alitoka nayo mukononi, muzima, siku mugodi ulimufunika, mbali sana na hapa.

Kila Jumapili, siku ya Mungu, nikitoka kanisa, napanguza moja moja na kitambaa nyeupe, nasema aksanti. Batu wananiseka. Na mi naseka mawigi yao.

Sasa, mu lupango yangu, kiwanja na nyumba yangu hapa Kapata, Kolwezi, chumba ya nyuma nilipangisha kwa Kazadi na bibi yake Ndaya, mwenye mimba kubwa. Kazadi ni kijana wa heshima, anachimba mawe ya kobalti kama benzake. Siku moja aliingia kunisaidia kusukuma kabati. Macho yake ikabaki kwa ile jiwe nyeusi.

Hakuuliza ilitoka wapi.

Na Kolwezi nani anauliza? Mutu akiwa na jiwe ya vile ndani ya nyumba, kila mutu anajua: aliitosha chini ya nyumba yake. Hapa batu wamevunja hata jikoni juu ya hiyo.

Tangu pale Kazadi akapenda muziki. Mulango imefungwa, redio inalia kutwa. Na nyuma ya nyumba, bulongo nyekundu, udongo mbichi, inapanda kama kichuguu.

"Tata Kazadi, hii bulongo yote ni ya nini?"

"Matuta ya viazi, Mama."

"Viazi ya Kolwezi yote? Ao utalisha na Lubudi?"

Akaseka. Lakini kicheko yake ilikuwa na jasho.

Siku ya Mungu ikafika, nikapanguza mawe. Ile nyeusi ikaacha alama kwa kitambaa, kama masizi ya sufuria. Nikainusa. Nikairudisha mu beseni. Kuna samaki haitaki ndoano, inataka tu kungojewa.

Haya, turudi kwa ile saa sita.

Sijasimama vizuri, Ndaya akaingia mbio, mikono kwa tumbo.

"Mama, Kazadi iko mu shimo. Bulongo imeanguka."

"Shimo gani?"

"Mu chumba yetu. Chini ya kitanda. Utusamehe, Mama."

Majirani wakakuja na mapauro ya kuchota bulongo. Lakini bulongo wakitosha kidogo, ingine nyingi inashuka. Tata Kisimba, jirani yangu aliyezeeka mu migodi, akainua mukono.

"Acheni. Tukiendelea hivi, ni shiye wenyewe tunamuzika. Alichimba kuelekea wapi?"

"Sijui," Ndaya akasema. "Alikuwa anatafuta jiwe kama ile ya Mama."

Ndiyo pale nikakumbuka beseni: kule chini kuna mutu anagonga.

Nikabapeleka bote mu chumba yangu. Nikapiga magoti, nikaweka mukono juu ya mawe.

Kimya.

Ndaya akapiga magoti karibu yangu.

"Bwana," nikasema, "hii mawe yote ni ushahidi wako. Moja tu iseme."

Kr.

Pole sana, kama mutu mwenye kuchoka.

"Vunjeni hapa."

Kisimba akaangalia ukuta. "Mama Bilonda, hii nyumba imezeeka. Tukivunja sakafu, ukuta inaweza kuanguka."

"Ukuta nitajenga ingine. Baba ya huyu mutoto, nitamufyatua na tofali?"

Wakavunja. Beseni niliweka kando. Chini hakuna tena mutu anagonga. Ndaya alinishika bega mpaka kucha ikaingia.

Saruji ikatoka. Bulongo. Halafu tundu. Kisimba akalala kwa tumbo, akaingiza mukono mpaka bega.

"Nashika kitu."

"Kitu ao mutu?"

Akakifinya.

"Na yeye ananishika."

Kazadi akatoka mwekundu kama tofali, anakohoa, ngumi moja imefungwa. Neno ya kwanza haikuwa aksanti.

"Mama, jiwe yako haiko tena. Niliipeleka kupimisha kwa wanunuzi ya mawe, wakaisaga. Ile ya mu beseni niliokota barabarani, nikapaka bulongo nyeusi ya ndani ya pile, batri ya redio."

"Najua."

"Ulijua?"

"Jiwe ya Mpoyi haikuchafua kitambaa yangu hata siku moja. Na haikutoka hapa, mwanangu. Alikuwa ameishika vile walimutosha mu shimo iliyoanguka. Hapa chini kuna tu bulongo ya matofali."

Akafungua ngumi. Ndani, jiwe ya bure kabisa, ile alikuwa anagongea.

Nikaipanguza, nikaiweka mahali ya ile ya Mpoyi. Ya masizi nikamurudishia yeye.

Sakafu ameitengeneza mwenyewe. Na siku ya Mungu, ile jiwe yake hanikubalii niipanguze. Anakuja na kitambaa yake.

Mwenye kusoma, Mungu akikutendea jambo, weka kitu mahali utaigonga na kidole ya mguu. Utalia, lakini utakumbuka. Na ikipotea, usizimie: jiwe inasagwa, Mwenye kututosha hasagwi.

Ile ya Mpoyi, wananiambia iliingia mu batri ya simu. Kama yako inapata moto mukononi vile unasoma, usikasirike. Labda ni muzee wangu anatoa ushuhuda.