Glovu za Mishono Miwili

Mama Sindano hakujua kushona kitu cha kuchanika. Wenzake wakipitisha mshono mmoja kwenye suruali ya shule, yeye alipitisha miwili, kisha akamtambia mteja: "Hii atavaa na mjukuu wako." Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Mumewe, fundi wa vyuma, alikuwa ameyaonja yote mawili kwa miaka kumi na tisa.

Basi siku moja mume karudi kutoka kazini na kidole kimechubuka. Kidogo tu, lakini mke hofu ikamwingia. Akatafuta ngozi laini, akakaa kwenye cherehani siku tatu, akamtolea jozi ya glovu. Nzuri hizo, jamani! Mume alishukuru mpaka akapitiliza. Wiki ilipokwisha, mke akafungua mfuko wa kazi atoe nguo za kufua, akazikuta glovu zimekunjwa vilevile alivyozikunja yeye.

"Huzivai?"

"Zima hataki." Zima alikuwa msimamizi wa karakana. Walimbandika jina hilo kwa sababu mtu akikosea kidogo tu kwenye mashine, humpigia kelele, "Zima!"

"Kwani Zima ndiye aliyekuoa?"

"Mke wangu, kasema kwenye drili tusivae. Kwa nini, hata mimi sijui."

Haikumwingia akilini. Msimamizi gani anakataza watu kujikinga? Au mume kaona haya kuvaa kazi ya mkewe, anamsingizia mzee wa watu? Akanuna siku mbili. Ya tatu akaifunika cherehani, akaenda kujionea.

Langoni akakuta bango lenye picha ya glovu, na chini yake neno moja kubwa: VAA. Ndani, wanaume watatu walikuwa wakibeba mabati, wote wamevaa. Mumewe alikuwa mbele ya drili kubwa ya kutobolea vyuma, miwani machoni, mikono mitupu. Ina maana mkono wa mume wake ndio wa bure?

"Shikamoo mzee," akamwambia Zima, ameshika kiuno, "na nimekuja kugombana."

"Marahaba mama. Gombana tu, ila simama nyuma ya mstari ule."

"Bango linasema vaa, wewe unasema vua. Tushike lipi?"

"Yote mawili. Bati lina makali, halizunguki. Anayelibeba avae. Drili inazunguka."

"Sasa si ndiyo mbaya zaidi? Si ndiyo avae?"

Zima akaona maneno hayatoshi. Akamwomba mume atoe glovu moja kwenye mfuko wa kazi, akaijaza matambara, akaichomeka kwenye ncha ya mti mrefu. Akawarudisha watu wote nyuma, akawasha drili, akaisogeza ile glovu polepole hadi kidole kimoja kikagusa chuma kinachozunguka.

Hakuna aliyeona vizuri. Glovu ilikuwepo, mara haipo. Mti ulimponyoka Zima, ukapiga meza, na ngozi yote ilikuwa imejisokota kwenye drili, vidole vyote vitano pamoja.

"Zima!" watu wakapiga kelele, na safari hii yeye ndiye aliyekimbilia swichi.

Mashine iliposimama akaanza kuikwanyua ngozi kwa koleo. Ilikataa kutoka. "Mkono mtupu unachubuka, mtu anaruka nyuma," alisema. "Glovu inanaswa, na ikinaswa inavuta. Mbovu ingechanika, labda ikamwachia mtu. Hii yako, mama, umeshona vizuri mno."

Mama Sindano aliitazama mishono yake. Hata uzi mmoja haukukatika. Hakujua aombe radhi au aendelee kugomba, wala kwa nani.

Mume akamtoa nje kivulini.

"Lakini wewe hukuwahi kuzivaa pale," mke alisema. "Si ndiyo?"

Mume akatazama chini. "Jana. Zima alikwenda kununua vifaa, nikazivaa mpaka mchana."

"Na amekukataza! Kwa nini?"

"Ulikuwa hunisemeshi."

Akaushika mkono wa mumewe pale pale barabarani, watu wakipita, akaanza kuhesabu vidole. Alipofika cha nne hesabu ikampotea, akaanza tena cha kwanza.